Hadubini yenye mkono kwa sonara: mara 90 za nini?

Shikamoo Fundi,

Mimi ni sonara, niko Arusha. Kazi yangu hasa ni kupachika mawe. Mwenzangu ninayeshirikiana naye karakana anatengeneza pete na hereni, mimi natia mawe na kumalizia. Mengi ni tanzanite, pamoja na vijiwe vya kuzungushia pembeni, vile vya milimita 1.2 au 1.5. Nina miaka 44, na tangu mwaka juzi macho yananigomea. Nilianza na miwani ya kusomea, nikaongeza ile ya kuvaa kichwani yenye lenzi, na lupu (kioo kidogo cha kukuzia) ya mara 10 iko shingoni muda wote. Ila lupu inataka mkono mmoja, na kupachika kunataka yote miwili. Siku hizi nikiletewa kazi ya vijiwe vidogo nawapelekea wenzangu, na hela inakwenda huko huko. Shingo nayo ikifika jioni haigeuki.

Nimeamua kununua hadubini ya macho mawili. Nimetenga milioni mbili na nusu. Mpaka sasa nimeonyeshwa tatu. Kuna mtu anauza iliyokuwa ya maabara ya shule kwa laki sita. Ina mara 20 na mara 40, imesimama juu ya kitako chake kidogo. Mpwa wangu ni fundi simu, yeye anataka ninunue ya skrini kama yake: unatazama kwenye kioo, huinami. Na wakala anayeagiza mizigo kutoka China kanitumia picha ya moja yenye nguzo na mikono miwili sambamba, imeandikwa mara 3.5 hadi 90. Mume wangu kuona hiyo 90 akasema basi, ndiyo hiyo, ukinunua nunua yenye nguvu.

Kuna mawili yananitisha. Nilijaribu hadubini ya macho mawili kwenye duka la fundi simu mmoja, nikaona picha mbili zimepandana, kichwa kikauma hadi usiku. Je, ni macho yangu hayafai? Halafu mwenzangu anagonga nyundo kwenye meza hiyo hiyo siku nzima. Mkono mrefu namna ile hautacheza?

Macho Yamechoka, Arusha

*

Marahaba binti yangu, na pole kwa shingo.

Ile ya laki sita iache. Sisemi ni mbovu. Imetengenezwa kwa mwanafunzi anayeweka mdudu juu ya kisahani na kumtazama, basi. Kichwa, yaani sehemu yenye lenzi, kimefungwa juu ya kitako chake, kwa hiyo kazi ndiyo inayoifuata hadubini. Kwako ni kinyume: pete iko kwenye kigingi, kile kibao cha kuegemezea kazi, kigingi kimetokeza ukingoni mwa meza, viwiko vyako vimeegemea huku na huku, na hadubini ndiyo inayopaswa kukufuata. Mkono wa hadubini uliwekwa kwa ajili hiyo. Nguzo inakaa kando au nyuma, mkono unavuka juu ya kazi, na chini yake hakuna kitu isipokuwa pete na mikono yako. Ukitaka kuchomelea unausogeza pembeni, maana moto wa gesi na moshi wa boraksi havitakiwi kabisa chini ya lenzi.

Sasa hiyo 90 ya mzee wa nyumbani. Ana nia njema, lakini tupige hesabu. Lenzi za macho, zile unazotazamia, huwa na namba ya uwanja. Kwa lenzi za mara 10 namba hiyo mara nyingi ni 20. Igawanye kwa nguvu ya lenzi za chini, utapata upana wa duara utakaloliona, kwa milimita. Ukuzaji wa jumla ukiwa mara 10 (lenzi za chini zikiwa 1), unaona milimita 20, yaani kichwa chote cha pete na nafasi ya ziada. Mara 20, milimita 10. Mara 45, milimita 4.4, na tanzanite ya milimita 6 haienei tena. Ukifika mara 90 umebaki na milimita 2.2: ncha ya kucha moja ya pete, ile inayoshika jiwe, na kipande cha jiwe. Tena hapo ukivuta pumzi tu picha inapotea, kwa sababu kadiri unavyokuza ndivyo kina kinachoonekana safi kinavyopungua. Kampuni ya Leica wana kichwa kinachoitwa A60 ambacho wapachika mawe wa Ulaya na Marekani wanakipenda sana, na bei yake hatuitaji hapa. Kinaanzia mara 5 na kuishia mara 30. Watu ambao wangeweza kununua chochote, wameishia kwenye 30.

Tena hiyo 90 haimo ndani ya kichwa chenyewe. Kichwa cha kawaida cha kukuza taratibu kina nguvu ya 0.7 hadi 4.5, ukizidisha kwa lenzi za macho za mara 10 unapata mara 7 hadi 45. Muuzaji anaweka kwenye boksi lenzi mbili za kufungia chini. Moja ni ya 0.5, nayo inashusha ukuzaji uwe mara 3.5 hadi 22.5. Ya pili ni ya 2, inaupandisha uwe mara 14 hadi 90. Kisha kwenye tangazo anachukua namba ndogo ya lenzi ya kwanza na namba kubwa ya lenzi ya pili, anaandika 3.5 hadi 90. Huwezi kupata zote kwa kukaa tu na kuzungusha kitufe.

Na lenzi ya 2 ina gharama ambayo picha ya tangazo haionyeshi. Kuna kitu kinaitwa umbali wa kazi, yaani nafasi kati ya lenzi ya chini na kitu kinachoonekana safi. Kichwa hicho cha 7 hadi 45 kikiwa kitupu, nafasi hiyo ni kama sentimita 10. Ukifunga lenzi ya 2 inabaki kama sentimita 3. Kalamu ya kuchongea haisimami humo, achilia mbali ile mashine ya kuning'inia na kekee yake. Ukifunga ya 0.5 inafika sentimita 16 au 17, na hapo mikono inafanya kazi bila kugonga kioo. Hiyo 0.5 ndiyo yako. Ifunge siku ya kwanza na usiifungue. Mara 22.5 inakutosha: kijiwe chako cha milimita 1.2 kitaonekana kama kina milimita 27, na bado utaona majirani zake. Faida ya pili ni kwamba vumbi la dhahabu na matone ya mafuta yataangukia lenzi hiyo ya bei nafuu badala ya kioo cha kichwa chenyewe.

Kwa tanzanite hili lina uzito zaidi kuliko kwa yakuti. Unalijua jiwe lenyewe kuliko mimi: ugumu wake ni 6 hadi 7, na lina mkondo mmoja ambao likibanwa vibaya linapasuka moja kwa moja. Kwenye lupu unaona kucha imelala juu ya jiwe. Kwenye mara 15 za macho mawili unaona kama imelala kweli au imeegemea kiuno cha jiwe (ukingo wake mpana) kwa ncha, na kisahani ulichokata kwenye kucha ili jiwe likae kina mteremko sawa na wa jiwe au kimeacha pengo upande mmoja. Kina ndicho unachonunua. Ndiyo maana namheshimu mpwa wako lakini sikubaliani naye.

Hadubini ya skrini ni nzuri kwa bodi ya simu, ambayo ni bapa kama meza. Lakini picha yake nayo ni bapa. Inakuonyesha kalamu iko upande gani wa jiwe, haikuonyeshi iko juu yake kiasi gani, na kwako hapo ndipo jiwe linapopona au kupasuka. Halafu nyingi za bei ya chini zinachelewesha picha kidogo. Mkono umeshafika, kioo bado kinaleta habari ya zamani. Mafundi simu wengine wanazoea. Mpachika mawe sijaona aliyefurahia. Ungekuwa unafundisha vijana, ningekwambia chukua kichwa chenye tundu la tatu la kamera, wao watazame kwenye skrini nawe kwenye lenzi. Kwa sasa tundu hilo ni hela ya bure. Ukilitaka hata hivyo, muulize wakala swali moja: kamera ikifunguliwa, macho yote mawili yanabaki na picha? Kwenye nyingi za bei nafuu ukivuta kijiti cha kupeleka picha kwenye kamera, kamera inanyang'anya jicho moja.

Kuhusu picha mbili zilizopandana, usiyalaumu macho kabla hujajaribu hivi. Shika lenzi za macho, zivute na kuzisukuma kama unavyokunja darubini hadi maduara mawili yawe moja. Nyingi zinaruhusu umbali wa milimita 55 hadi 75 kati ya mboni na mboni, na fundi simu aliyekupa ujaribu alikuwa ameipanga kwa uso wake. Kisha weka sarafu chini, kuza hadi mwisho, na pata picha safi kwa kitufe kikubwa. Punguza ukuzaji hadi chini kabisa bila kugusa kitufe hicho. Sasa fumba jicho moja, zungusha pete ya lenzi ya macho iliyo wazi hadi sarafu iwe safi. Kisha fanya hivyo kwa jicho la pili. Kuanzia hapo picha inabaki safi ukikuza na kupunguza, na kichwa hakiumi. Wengi wanaouza hadubini mjini hawalijui hili, wanasema "utazoea".

Ukishapanga vyote na bado ni picha mbili, basi kosa ni la mashine. Hadubini nyingi za bei yako zinafuata mpango ambao kampuni ya Zeiss ya Jena, Ujerumani, walianza kuutengeneza miaka ya 1890 kwa wazo la Mmarekani Horatio Greenough: ni mirija miwili inayojitegemea, kila mmoja na vioo vyake, imeinamishwa ikutane kwenye kazi. Mrija mmoja ukipata kishindo njiani vioo vinasogea, na macho yako yanafanya kazi ya kuvirudisha, ndiyo hayo maumivu. Kuipima, chagua nukta moja kwenye sarafu, fumba jicho la kushoto, kisha la kulia, zamu kwa zamu. Nukta isipande wala kushuka. Ikiruka kwenda juu au chini, rudisha, hata kama bei imepunguzwa. Hiki ndicho kipimo cha kufanya mbele ya wakala, boksi likiwa bado halijatupwa.

Miwani ya kusomea vua. Picha ya hadubini inalifikia jicho kama kitu kilicho mbali, kwa hiyo macho yaliyochoka kwa umri hayana kazi ya ziada hapo. Kama daktari amekwambia una astigimatizimu (kioo cha jicho kisicho na mviringo sawa), hilo ni jambo jingine. Baki na miwani ya mbali na agiza lenzi za macho zenye nafasi kubwa ya jicho, zile zinazouzwa kwa wavaa miwani, na mpira wake ukunje chini. Na kama hujapimwa macho tangu hayo mambo yaanze mwaka juzi, Moshi si mbali, hospitali ya KCMC wana idara ya macho. Si kila kiwi cha miaka 44 ni cha umri.

Tuje kwenye nyundo, na hapa ndipo hela yako inapaswa kwenda. Ndiyo, mkono utacheza. Kila mkono unacheza. Tofauti ni unatulia haraka kiasi gani. Ukivutwa hadi mwisho unatikisika zaidi kuliko ukiwa umerudi karibu na nguzo, na kwa mara 20 hata mtikisiko ambao hauonekani kwa macho unaifanya picha ichezecheze. Mikono miwili sambamba, kama ile ya wakala, inazuia kupinda na kujizungusha kuliko mmoja. Kwa hilo wakala amekuonyesha kitu kizuri. Kuna pia mikono yenye viungo kama taa ya mezani, inayobanwa ukingoni kwa skrubu, ya springi au ya gesi. Ni mizuri kwa kusogezwa, lakini springi inapangwa kwa uzito maalumu, ukibadilisha kichwa au kuongeza kamera inalala polepole ukiwa katikati ya kazi. Kwenye meza inayogongwa nyundo nisingeichukua.

Hata mikono miwili haitakuokoa kama nguzo inasimama kwenye mbao ile ile anayogonga mwenzako. Tenganisha. Weka nguzo kwenye kimeza chake kizito nyuma ya meza yenu, visigusane, hata upenyo wa kidole unatosha. Au, kama ukuta wenu ni wa tofali na si wa mbao, funga nguzo ukutani. Hii ya ukutani ina siri ya bei: kitako cha chuma ndicho kinachofanya mzigo uwe mzito na usafiri uwe ghali. Unaweza kumwomba wakala bei ya kichwa, kishikio chake chenye kitufe cha kulenga, na mikono bila kitako, kisha fundi wa kulehemu hapo Arusha akutengenezee bamba la ukutani na nguzo. Bomba la nguzo liwe nene, limenyooka, lisilo na kutu. Kishikio usimpe atengeneze. Kina meno madogo ya kupanda na kushuka ambayo hayaigiziki kwa mashine ya kulehemu. Kola inayoshika kichwa kwa kawaida ina kipenyo cha milimita 76, lakini ukichanganya vitu vya wauzaji wawili, omba kipimo kwa maandishi kwanza.

Ukichukua pamoja na kitako, kielekeze upande ule ule unakoelekea mkono, la sivyo siku moja utauvuta mbele na vyote vije mapajani mwako. Na chini ya kiungo cha mkono kwenye nguzo kunatakiwa pete ya chuma yenye skrubu yake, ya kuzuia mkono usishuke skrubu kuu ikilegea. Isipokuwemo kwenye boksi, idai.

Kabla hujalipa hata shilingi, keti kwenye kiti chako mgongo ukiwa wima, mtu akupimie kwa rula kutoka kigingi hadi jichoni. Kisha muulize wakala kimo cha kichwa kutoka lenzi ya chini hadi lenzi ya macho, kwa kufuata wima, uongeze zile sentimita 17. Meza za sonara ziko juu, kigingi kinakuja hadi kifuani, na kwa lenzi ya 0.5 hadubini nzima inapanda. Wengi wanaifunga ndipo wanagundua wanatazama kwa kunyoosha shingo juu kama twiga, maumivu yaliyokuwa nyuma yanahamia mbele. Jibu ni kushusha kigingi au kupandisha kiti na kuweka kibao cha miguu. Ni rahisi, ila ufahamu mapema.

Taa: ile ya duara inayofungwa kwenye lenzi inakuja bure, na kwa kutoboa na kukata vitundu ni nzuri. Kwenye dhahabu iliyong'arishwa itakuudhi, kila uso wa jiwe utakurudishia duara la vitaa. Nunua taa mbili ndogo za LED zenye shingo ya kukunja, moja kila upande, na uzibe mbele kwa kipande cha karatasi ya kuchorea ramani ili mwanga ulainike. Angalia adapta iwe imeandikwa volti 100 hadi 240, kwani vifaa vilivyotengenezwa kwa soko la Marekani vingine ni vya 110 tu, na hapa ukichomeka unasikia harufu.

Kwa hiyo mwandikie wakala hivi: kichwa cha macho mawili cha mara 7 hadi 45, bila tundu la kamera, lenzi za macho za mara 10 za wavaa miwani kama unazihitaji, lenzi ya 0.5, mikono miwili sambamba na pete ya kuzuia, bei mbili, na kitako na bila kitako, kila moja ikiwa na usafiri na ushuru hadi Arusha. Lenzi ya 2 mwambie aiondoe na apunguze bei. Bila ushuru na usafiri seti ya namna hii ya Kichina huwa inaangukia kati ya dola 500 na 1,000. Kwa milioni mbili na nusu unaweza kufika, ila bei ya kitako ndiyo itakayoamua. Akikuletea kichwa cha Kijapani kilichotumika, Meiji kwa mfano, kwa bei hiyo hiyo, kitazame kwa zile nukta za sarafu kabla ya chapa. Na umulike tochi ndani ya lenzi: ukiona nyuzi nyuzi kama utando, huo ni ukungu ulioota kwenye kioo, hasa kwa hadubini zilizokaa Dar au Tanga. Hausafishiki bila kufungua mirija, na kufungua mirija ndiko kunakoleta zile picha mbili.